Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya Kentucky (1990)

Sheria ya Mageuzi ya Elimu ya Kentucky ni sheria iliyopitishwa mwaka 1990 na bunge la jimbo la Kentucky, nchini Marekani. Kwa kifupi hujulikana kama KERA. Sheria hiyo ilibadilisha kwa pamoja namna shule za umma zinavyopata fedha, namna walimu wanavyoandaliwa na kupewa vyeti, namna shule zinavyosimamiwa, na namna matokeo ya wanafunzi yanavyopimwa. Ilisainiwa na gavana Wallace Wilkinson tarehe 11 Aprili 1990, ikaanza kutumika Julai mwaka huohuo.

Sheria hii ni maarufu katika historia ya elimu ya Marekani kwa sababu haikutokana na uamuzi wa wanasiasa peke yao. Ilitungwa baada ya Mahakama ya Juu ya Kentucky kuamua, mwaka 1989, kwamba mfumo wote wa shule za umma wa jimbo ulikuwa kinyume cha katiba. Bunge lililazimika kuujenga upya mfumo huo tangu msingi.

Usuli

Nchini Marekani elimu si kazi ya serikali ya shirikisho kwanza, bali ya majimbo. Kila jimbo lina katiba yake, bunge lake na sheria zake za shule. Majimbo nayo kwa kawaida hugawanywa katika wilaya za shule, na wilaya nyingi huongozwa na bodi iliyochaguliwa na wananchi. Kentucky ina kaunti 120, na wilaya za shule zaidi ya 170, kwa kuwa baadhi ya miji ina wilaya yake mbali na ile ya kaunti.

Fedha za shule hutoka sehemu tatu: serikali ya shirikisho, serikali ya jimbo na wilaya yenyewe. Fedha za wilaya hutokana zaidi na kodi ya mali, yaani kodi inayotozwa kwa kufuata thamani ya ardhi na majengo. Hapo ndipo tatizo linapoanzia. Wilaya yenye viwanda, maduka makubwa na nyumba za bei kubwa hupata fedha nyingi hata ikitoza kiwango kidogo cha kodi. Wilaya ya mashambani yenye ardhi ya bei ndogo hupata fedha kidogo hata wananchi wake wakikubali kutozwa zaidi. Mtoto aliyezaliwa upande mmoja wa mpaka wa kaunti aliweza kusoma katika shule yenye maktaba na maabara, na jirani yake wa upande wa pili akakosa vyote viwili.

Kentucky ilijaribu kupunguza tofauti hizo mapema. Mwaka 1954 ulianzishwa mpango wa kuhakikisha kila wilaya inapata kiwango cha chini cha fedha. Mwaka 1976 uliongezwa mpango wa pili wa kusawazisha uwezo wa wilaya, lakini fedha zilizotengwa kwa ajili yake zilikuwa kidogo. Mwaka 1979 bunge lilipitisha sheria iliyozuia mapato ya kodi ya mali yasiongezeke kwa zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka bila kuwapa wapiga kura nafasi ya kupinga. Wilaya zilizokuwa nyuma zikakosa njia ya kuzifikia zile zilizotangulia.

Hali ilikuwa mbaya zaidi mashariki mwa jimbo, katika milima ya Appalachia, ambako uchimbaji wa makaa ya mawe uliwapatia watu ajira bila kuzipatia shule mapato ya kutosha. Takwimu zilizotajwa katika hukumu ya mwaka 1989 zinaonyesha kwamba asilimia 35 ya watu wazima wa Kentucky hawakumaliza shule ya sekondari, na kwamba asilimia 80 ya wilaya za shule zilihesabiwa kuwa maskini kwa kipimo cha mali inayotozwa kodi. Kati ya majimbo 50, Kentucky ilikuwa ya 40 kwa fedha zilizotumika kwa kila mwanafunzi na ya 37 kwa wastani wa mishahara ya walimu.

Katika miaka ya 1980 wananchi walianza kudai mabadiliko. Kundi moja lililosikika sana ni Kamati ya Prichard, kundi la raia wa kujitolea lililopewa jina la mwanasheria Edward F. Prichard. Mwaka 1984 kamati hiyo iliandaa mikutano ya hadhara katika jimbo zima, ambako wazazi na walimu walieleza hali ya shule zao.

Kesi ya Rose

Mwaka 1985 wilaya za shule 66 zilizojiunga katika Baraza la Elimu Bora zilifungua kesi dhidi ya viongozi wa jimbo. Pamoja nazo walikuwepo wanafunzi 22 walioshtaki kupitia wazazi wao. Wakili wao mkuu alikuwa Bert T. Combs, mzaliwa wa Kaunti ya Clay katika milima ya mashariki, aliyewahi kuwa gavana wa Kentucky kuanzia 1959 hadi 1963 na baadaye jaji wa mahakama ya rufani ya shirikisho.

Walalamikaji hawakutegemea katiba ya Marekani. Mwaka 1973, katika kesi iliyotoka San Antonio, Texas, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imekwisha kuamua, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba katiba ya shirikisho haitoi haki ya kudai usawa wa fedha za shule. Kwa hiyo walitumia katiba ya Kentucky ya mwaka 1891, ambayo kifungu chake cha 183 kinaliagiza bunge kuweka mfumo wa shule za umma wenye ufanisi katika jimbo zima. Swali likawa moja: mfumo wenye ufanisi ni upi?

Mwaka 1988 jaji Ray Corns wa mahakama ya Kaunti ya Franklin, yaliko makao makuu ya jimbo, Frankfort, aliamua kwamba elimu ni haki ya msingi chini ya katiba ya Kentucky na kwamba mfumo wa kugawa fedha ulivunja katiba hiyo. Rufaa ilikatwa na viongozi wa mabaraza mawili ya bunge, John A. Rose wa Seneti na Donald Blandford wa Baraza la Wawakilishi. Ndiyo maana kesi hii hujulikana kwa jina la Rose.

Hukumu ya Mahakama ya Juu ilitolewa tarehe 8 Juni 1989 na kuandikwa na Jaji Mkuu Robert F. Stephens. Ilikwenda mbali kuliko walalamikaji walivyoomba. Wao walilalamikia fedha. Mahakama ilisema mfumo mzima, pamoja na sheria zote zilizouunda, ni batili. Hukumu ilitaja waziwazi kwamba inahusu wilaya na bodi za shule, idara ya elimu ya jimbo, mipango ya fedha, ujenzi wa shule na utoaji wa vyeti vya walimu.

Mahakama pia ilieleza elimu ya kutosha ni ipi. Mtoto aliyepitia mfumo wenye ufanisi anapaswa kupata walau uwezo wa aina saba:

1. Ujuzi wa kutosha wa kuzungumza na kuandika, ili aweze kuishi katika jamii inayobadilika haraka.
2. Maarifa ya uchumi, jamii na siasa yatakayomwezesha kufanya uchaguzi wa busara.
3. Uelewa wa namna serikali inavyofanya kazi, ili atambue mambo yanayoigusa jamii yake, jimbo lake na taifa lake.
4. Kujitambua, na kujua kutunza afya ya akili na ya mwili.
5. Msingi katika sanaa, ili athamini urithi wa utamaduni wake.
6. Maandalizi ya kuendelea na masomo ya juu au mafunzo ya ufundi, ili achague kazi kwa akili.
7. Kiwango cha elimu na ufundi kitakachomwezesha kushindana na wenzake wa majimbo jirani, katika masomo na katika soko la ajira.

Mahakama haikuliandikia bunge sheria. Ililipa muda hadi siku 90 baada ya kumalizika kwa kikao cha kawaida cha mwaka 1990.

Kutungwa kwa sheria

Katikati ya mwaka 1989 kiliundwa kikosi kazi kilichojumuisha viongozi wa bunge na wawakilishi wa gavana. Kiligawanywa katika kamati tatu: mtaala, fedha na utawala. Mshauri wa kamati ya mtaala alikuwa David Hornbeck, aliyewahi kuongoza elimu katika jimbo la Maryland.

Jambo gumu kuliko yote lilikuwa kodi. Gavana Wilkinson alikuwa ameingia madarakani akipinga kodi mpya. Hatimaye yeye na viongozi wa bunge walikubaliana kupandisha kodi ya mauzo kutoka asilimia 5 hadi 6, kuongeza kodi ya makampuni na kurekebisha kodi ya mapato. Nyongeza hiyo ilikadiriwa kuleta takriban dola bilioni 1.3 katika miaka miwili. Kura ya kodi na kura ya mageuzi ziliwekwa katika muswada mmoja, hivyo mbunge hakuweza kukubali mageuzi na kukataa gharama yake. Muswada huo, namba 940 wa Baraza la Wawakilishi, ulikuwa na kurasa zaidi ya 900.

Ugawaji wa fedha

Sehemu ya fedha ya sheria hujulikana kwa jina la SEEK. Fomula yake ina hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kiwango cha msingi. Jimbo linahakikisha kiasi fulani cha fedha kwa kila mwanafunzi, popote alipo. Katika mwaka wa masomo 1990–91 kiwango hicho kilikuwa dola 2,305. Hesabu hufuata wastani wa mahudhurio ya kila siku, wala si idadi ya walioandikishwa, kwa hiyo shule yenye utoro mwingi hupoteza fedha.

Hatua ya pili ni nyongeza kwa mahitaji maalumu. Mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo, anayestahili chakula cha bure shuleni, huongezewa asilimia 15 ya kiwango cha msingi. Mwenye ulemavu huongezewa kwa uzito unaotegemea aina ya ulemavu: kwa ulemavu mkubwa uzito ni 2.35, kwa ulemavu wa kati 1.17, na kwa matatizo ya usemi 0.24. Gharama za usafiri wa wanafunzi na za kuwafundisha walio nyumbani au hospitalini huongezwa pia.

Hatua ya tatu ni mchango wa lazima wa wilaya. Kila wilaya inapaswa kukusanya kodi inayolingana na senti 30 kwa kila dola 100 za thamani ya mali. Mali yenyewe inapaswa kukadiriwa kwa thamani yake kamili ya soko. Zamani makadirio mengi yalikuwa chini ya thamani hiyo. Jimbo hujazia kiasi kinachopungua hadi kufikia kiwango kilichohakikishwa.

Mfano wa hesabu unaweza kusaidia. Tuchukue wilaya mbili za kubuni, bila kuhesabu nyongeza za mahitaji maalumu. Wilaya A ina mali ya thamani ya dola 100,000 kwa kila mwanafunzi, na wilaya B dola 400,000. Kwa senti 30 kwa kila dola 100, wilaya A hukusanya dola 300 kwa kila mwanafunzi, na wilaya B dola 1,200. Kwa kiwango cha msingi cha dola 2,305, jimbo linaipa wilaya A dola 2,005 na wilaya B dola 1,105. Mtoto wa A na mtoto wa B wote wanapata dola 2,305.

Hatua ya nne ni nyongeza ya hiari, nayo ina ngazi mbili. Katika ngazi ya kwanza wilaya inaweza kuongeza hadi asilimia 15 ya kiasi kilichohakikishwa, na jimbo huzisaidia wilaya ambazo mali yake kwa kila mwanafunzi iko chini ya asilimia 150 ya wastani wa jimbo. Katika ngazi ya pili wilaya inaweza kuongeza hadi asilimia 30 zaidi, lakini kwa fedha zake yenyewe bila msaada wa jimbo. Ngazi hii ya pili iliwekwa ili wilaya tajiri zisilazimike kurudi nyuma. Lakini imekuwa pia mlango ambao tofauti kati ya wilaya zimerudi kuingilia.

Kwa ajili ya majengo, wilaya zilizotaka kushiriki katika mpango wa ujenzi wa jimbo zilitakiwa kutenga kodi nyingine inayolingana na senti 5 kwa kila dola 100.

Mafunzo na vyeti vya walimu

Watunga sheria walitambua kwamba fedha peke yake hazifundishi. Mtaala mpya, upimaji mpya na madarasa ya rika mchanganyiko vilihitaji walimu walioandaliwa kwa kazi hiyo.

Kabla ya 1990 masharti ya vyeti vya ualimu yalikuwa mikononi mwa bodi ya elimu ya jimbo. KERA iliunda Bodi ya Viwango vya Taaluma ya Elimu na kuipa mamlaka ya kuweka masharti ya kuingia katika ualimu, kuidhinisha programu za vyuo vikuu vinavyofundisha walimu, kutoa na kuhuisha vyeti, na kusikiliza mashauri ya nidhamu. Wengi wa wajumbe wake ni walimu wa madarasani. Wengine ni wakuu wa shule, wakuu wa vitivo vya elimu na wawakilishi wa bodi za shule. Kwa njia hiyo taaluma ya ualimu ilipata chombo chake, kama ilivyo kwa wanasheria na madaktari.

Njia ya kawaida ya kuwa mwalimu Kentucky ni kupata shahada ya kwanza pamoja na mafunzo ya ualimu na mazoezi ya kufundisha, kisha kufaulu mitihani ya somo na ya ufundishaji. Zaidi ya hapo, sheria ya mwaka 1984 ilikuwa imeanzisha mwaka wa mafunzo tarajali kwa mwalimu mpya. Alisimamiwa na watu watatu: mkuu wa shule, mwalimu mzoefu aliyekuwa mlezi wake, na mkufunzi kutoka chuo kikuu. Watatu hao walimtembelea darasani, wakamshauri, na mwishoni wakaamua kama anastahili kuendelea. Mpango huo uliendelea chini ya KERA hadi mwaka 2018, bajeti ya jimbo ilipoacha kuugharamia.

Walimu hupangwa katika madaraja kulingana na elimu yao. Daraja la tatu ni la wenye shahada ya kwanza, la pili ni la wenye shahada ya uzamili, na la kwanza ni la waliosoma saa 30 za masomo ya chuo kikuu juu ya uzamili. Mshahara hufuata daraja na miaka ya kazi. Kwa muda mrefu mwalimu alitakiwa kufikia daraja la pili ndani ya miaka kumi ili ahuishe cheti chake. Mwaka 2018 sharti hilo liliondolewa na kuwa la hiari. Waliounga mkono walisema lilikuwa mzigo wa gharama kwa walimu wenye mshahara mdogo. Waliopinga waliona kiwango cha taaluma kinashushwa.

KERA ilifungua pia njia mbadala, ambayo mtu mwenye shahada ya fani nyingine anaweza kuajiriwa na wilaya huku akipata mafunzo ya ualimu kazini.

Kuhusu mafunzo kazini, sheria za jimbo hutenga siku nne katika kalenda ya kila mwaka kwa walimu wote. Ili mafunzo hayo yafuate mahitaji ya shule, asilimia 65 ya fedha zake hupelekwa kwenye mabaraza ya shule badala ya kubaki ofisi ya wilaya.

Utawala wa shule

Zamani elimu ya jimbo iliongozwa na msimamizi aliyechaguliwa kwa kura. KERA ilimpokonya mamlaka na kuyakabidhi kwa kamishna wa elimu anayeteuliwa. Wa kwanza alikuwa Thomas Boysen, aliyetoka California na kuanza kazi mwaka 1991. Idara ya elimu ya jimbo yenyewe ilivunjwa: nafasi zote za kazi zilifutwa mwishoni mwa Juni 1991 na watumishi wakaomba upya.

Katika maeneo mengi ya mashambani wilaya ya shule ilikuwa mwajiri mkubwa kuliko wote, na ajira zilitolewa kwa undugu na kwa siasa. Sheria ilimzuia mtu kuwa mjumbe wa bodi ya shule ikiwa ndugu yake wa karibu ameajiriwa na wilaya hiyo. Uwezo wa kuajiri uliondolewa kwenye bodi.

Kila shule, isipokuwa chache, ilitakiwa kuwa na baraza lenye walimu watatu, wazazi wawili na mkuu wa shule. Baraza lilipewa uwezo wa kuamua mtaala wa shule, matumizi ya fedha za vifaa, ratiba na nidhamu, na kushiriki katika kumchagua mkuu wa shule. Ofisi maalumu ya uwajibikaji iliundwa chini ya bunge ili kuchunguza malalamiko na kufuatilia utekelezaji.

Huduma kwa watoto

Sheria ilianzisha elimu ya awali kwa watoto wa miaka minne wa familia maskini, na kwa watoto wenye ulemavu wa miaka mitatu na minne. Madarasa ya chini, kabla ya darasa la nne, yaliunganishwa kuwa mpango mmoja usio na mipaka ya darasa, ili mtoto aende kwa kasi yake.

Shule ambazo angalau asilimia 20 ya wanafunzi wake walistahili chakula cha bure ziliruhusiwa kuwa na vituo vya kuhudumia familia na vijana. Vituo hivyo husaidia mambo yanayomzuia mtoto kusoma, kama vile ugonjwa, ukosefu wa nguo au matatizo ya nyumbani. Fedha zilitengwa pia kwa masomo ya ziada baada ya saa za shule na kwa kompyuta.

Upimaji na uwajibikaji

Kwa kuwa jimbo lilitoa fedha zaidi, lilidai matokeo. Mwaka 1992 ulianza mfumo wa upimaji ulioitwa KIRIS, uliotumia maswali ya kujieleza, kazi za vitendo na mikusanyo ya maandishi ya wanafunzi. Matokeo yaliwekwa katika ngazi nne, kutoka mwanzilishi hadi bora kabisa. Shule iliyovuka lengo lake ilipewa zawadi ya fedha kwa walimu wake. Iliyoshuka ilipelekewa mwalimu bingwa wa kuisaidia.

Mfumo huu ulileta ubishi mkubwa. Wataalamu walitilia shaka uthabiti wa alama zake. Walimu walilalamikia mzigo wa kusahihisha maandishi na ushindani ulioletwa na zawadi. Baadhi ya wazazi waliona kwamba malengo yanayohusu tabia ya mtoto yanaingilia malezi ya nyumbani. Mwaka 1998 bunge liliuondoa KIRIS na kuweka CATS, nao uliondolewa kwa sheria ya mwaka 2009. Mwaka 2010 Kentucky ikawa jimbo la kwanza kupokea viwango vya pamoja vya masomo vilivyoandaliwa kwa ushirikiano wa majimbo.

Matokeo

Katika miaka ya 1990 pengo la fedha kati ya wilaya tajiri na maskini lilipungua kwa kiasi kikubwa, na wilaya za mashariki zilipata nyongeza kubwa. Mishahara ya walimu ilipanda, na idadi ya wanaomaliza sekondari iliongezeka katika miaka iliyofuata.

Hata hivyo sheria haikuweka njia ya kuhakikisha kiwango cha msingi kinapanda pamoja na gharama za maisha. Kila bajeti hukiamua upya. Mwaka 2003 Baraza la Elimu Bora lilirudi mahakamani likidai fedha hazitoshi tena, lakini mwaka 2007 kesi hiyo ilitupwa. Baada ya msukosuko wa uchumi wa 2008 fedha za jimbo zilidorora, na wilaya zenye uwezo zikajaza pengo kwa kodi zao. Kuanzia mwaka wa masomo 2018–19 kiwango cha msingi kilikuwa dola 4,000 na kikabaki hapo kwa miaka minne. Tofauti kati ya wilaya zimepanuka tena.

Mwaka 2018 walimu kwa maelfu waliandamana Frankfort kupinga mabadiliko ya pensheni yao na kudai fedha za shule. Novemba 2024 wapiga kura walikataa pendekezo la kubadili katiba ili fedha za umma ziweze kutumika katika shule zisizo za umma. Kaunti zote 120 zilisema hapana.

Wanafunzi wanaozungumza Kiswahili

Tangu KERA ilipotungwa, idadi ya wanafunzi waliozaliwa nje ya Marekani imeongezeka Kentucky. Miji ya Louisville, Lexington na Bowling Green imepokea wakimbizi wengi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na Kiswahili ni miongoni mwa lugha kubwa za nyumbani za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika miji hiyo. Fomula ya SEEK ya awali haikuwa na fungu lao. Baadaye iliongezwa nyongeza ya asilimia 9.6 ya kiwango cha msingi kwa kila mwanafunzi wa aina hiyo. Kwa kiwango cha dola 4,000, nyongeza hiyo ni dola 384 kwa mwaka, kiasi ambacho wilaya hukitumia pamoja na fedha nyingine kuajiri walimu wa lugha na wakalimani.

Umuhimu

Hukumu ya Rose na sheria iliyoifuata vilibadili namna ya kudai haki ya elimu katika Marekani. Kabla yake kesi nyingi zilidai usawa wa fedha. Baada yake nyingi zilidai elimu ya kutosha kwa kila mtoto. Uwezo ule wa aina saba ulitumiwa na mahakama ya Massachusetts mwaka 1993, ya New Hampshire mwaka 1997 na ya Kansas mwaka 2014 kupima wajibu wa majimbo hayo kwa watoto wao.

Bert Combs alifariki Desemba 1991 kwa ajali ya mafuriko, mwaka mmoja na nusu baada ya sheria kuanza kutumika. Fomula ya SEEK, mabaraza ya shule, vituo vya familia na bodi ya viwango vya ualimu bado ni sehemu ya sheria za Kentucky.